Siku Moja Mkunazini

Nyanya yangu alikuwa na jibu moja kwa kila mtu aliyemuuliza kabila lake. "Sisi ni wa Frere," alisema, kisha akauliza kama mgeni ameshakunywa chai. Kama aliyeuliza alikuwa mtu wa kuja, hakuelewa lolote. Kama alikuwa mwenyeji wa Mombasa, alielewa zaidi ya alivyotaka nyanya aelewe, na hapo chai ililetwa haraka.

Tuliishi Kisauni. Kila siku nikienda shule matatu ilipita Kengeleni, na makanga aliita, "Kengeleni, Kengeleni kuna mtu?" Si unajua jinsi jina la mahali linavyogeuka kuwa kelele tu ukilisikia kila siku? Nilikuwa darasa la sita mwalimu alipotueleza kwamba Kengeleni ni kengele kweli, ile inayoning'inia kando ya barabara, na kwamba zamani ilipigwa kuwaonya watu wa Freretown kila majahazi ya wafanyabiashara ya watumwa yalipoonekana. Mtoto mmoja aliuliza watu wa Freretown walikuwa nani. Mwalimu akajibu, "Watumwa walioachiliwa huru." Darasa zima halikugeuka kunitazama, lakini mimi nilihisi kama limegeuka.

Freretown ilianzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Church Missionary Society, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Ilipewa jina la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa kukomesha biashara ya watumwa katika himaya ya Sultani wa Zanzibar. Waliopelekwa pale walikuwa watu wa kila upande: Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wazaramo. Wengine walikuwa wameokolewa baharini na manowari za Waingereza, wengine waliletwa kutoka Nasik, India, ambako walisomeshwa baada ya kuokolewa. Walipewa ardhi, shule, kanisa, na majina ya Kiingereza. Jina la babu wa nyanya yangu lilitoka kwa kasisi. La awali hakuna anayelikumbuka.

Nilipofika miaka kumi na minane nilienda ofisi moja ya serikali kuchukua kitambulisho. Fomu ilikuwa na nafasi ya kabila. Niliandika "Mswahili." Karani akaniangalia juu ya miwani na kusema Mswahili si kabila, kwani baba yangu ni nani? Nikasema yeye pia ni wa Freretown. Akasema Freretown ni kituo cha matatu. Watu kwenye foleni walicheka. Nami nikacheka, maana ungefanyaje? Akaandika alichotaka mwenyewe, na kwa miaka mingi karatasi za serikali zimenitaja kwa kabila ambalo lugha yake siijui hata kwa salamu.

Ndiyo maana mwaka jana, nilipojikuta Dar es Salaam kwa harusi nikiwa na Jumamosi moja ya bure, sikujiunga na wenzangu waliokwenda Kariakoo kununua vitenge. Nilitaka kuona soko jingine.

Boti ya asubuhi huondoka saa moja, na ndani ya saa mbili hivi unaanza kuona minara ya Mji Mkongwe. Bandarini Malindi afisa aligonga muhuri kwenye pasipoti yangu, akauliza natoka Kenya gani. Nikamwambia Mombasa. "Basi umefika nyumbani," akasema. Nilitoka nikitabasamu kama mjinga. Hakuniuliza kabila.

Kutoka bandarini nilitembea kwa miguu hadi Darajani, nikapita katikati ya wauza samaki na mafungu ya ndizi, nikaingia uchochoro wa Mkunazini. Mnara wa kanisa ulijitokeza juu ya mapaa. Kanisa Kuu la Kristo ni la Kianglikana, limejengwa kwa mawe ya matumbawe, na ukilitazama kwa haraka unaona mambo mawili yanayoshindana: madirisha marefu ya Kigothi kama ya Uingereza, na urembo wa ukingoni unaofanana na wa misikiti iliyolizunguka. Mtu anayetoka Mombasa haimshangazi. Hata Kanisa Kuu la Kianglikana la kwetu lina kuba.

Nililipa kiingilio nikapewa mwongozaji, kijana mpole aliyeniita dada tangu mwanzo. Ziara haianzii kanisani. Inaanzia kwenye jengo la jirani, ambalo sasa lina maonyesho ya historia ya utumwa, na kutoka hapo unateremshwa ngazi hadi chini ya ardhi. Ukifika unainama, maana dari ni la chini. Kuna vyumba viwili. Kila kimoja kina majukwaa ya mawe pande zote mbili na mfereji katikati, na vidirisha vyembamba vinavyoingiza mstari wa mwanga. Mnyororo umelazwa juu ya jiwe.

"Hapa walifungwa wanawake na watoto," kijana akasema. "Sabini na tano. Walikaa siku kadhaa kabla ya kupelekwa sokoni. Wengi walikufa kwa kukosa hewa."

Nilikaa kwenye lile jukwaa. Sikupanga kukaa, magoti yalikataa tu. Nilifikiria mtoto mwenye miaka minane, tisa hivi, ambaye jina lake lilipotea na ambaye baadaye, Freretown, angeitwa kwa jina la mfalme fulani wa Uingereza. Nililia. Kulikuwa na watalii wanne nyuma yangu, nao walisubiri kwa heshima.

Nilipoweza kusema nikamuuliza kijana, "Kuna majina popote? Orodha?"

"Majina hayakuandikwa, dada," akasema. "Iliandikwa idadi tu."

Nje, kwenye ua, kuna shimo la mraba lenye sanamu tano za watu wamesimama, wamezama hadi kiunoni, shingoni wana minyororo. Ni kazi ya Clara Sörnäs, msanii kutoka Sweden, iliyowekwa mwaka 1998, na minyororo ile ni ya kweli, ya wakati ule. Wale watu hawakutazami. Wanatazama mbele, kila mmoja upande wake, kama watu wasiojuana. Hilo lilinigusa kuliko minyororo. Myao na Mmakua waliofungwa pamoja, wasiosikilizana lugha.

Kisha kanisani. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Kijana alieleza kwamba hapo palikuwa na mti ambao watumwa walifungwa wakachapwa viboko ili wanunuzi waone nani ana nguvu, na nyekundu ni damu yao. Alinionyesha msalaba mdogo uliochongwa kwa mbao za mti ulioota juu ya moyo wa David Livingstone kule Chitambo, Zambia ya leo. Alinionyesha dirisha la vioo vya rangi la kuwakumbuka mabaharia wa Uingereza waliokufa wakiyafukuza majahazi ya watumwa. Alinionyesha nguzo karibu na mlango zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Inasemekana Askofu alikuwa safarini, na mafundi walikuwa hawajawahi kuona nguzo za aina ile. Watalii walicheka. Mimi nilitazama zile nguzo nikawaza kwamba hao mafundi ndio watu pekee mle ndani walioacha alama ya mkono wao wenyewe, nayo tunaichekea.

Mwaka wa kanisa hili ni 1873, na ni mwaka uliojaa. Januari Bartle Frere alifika Unguja kumshawishi Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Sultani alikataa. Tarehe 1 Mei Livingstone alikufa Chitambo. Chuma, Susi na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakaubeba mwili hadi pwani. Frere alikuwa ameshaondoka, lakini balozi John Kirk alibaki na tishio la manowari kukizingira kisiwa, na tarehe 5 Juni Barghash alitia sahihi. Soko la Mkunazini likafungwa. Siku ya Krismasi mwaka huohuo, pale pale sokoni, wamisionari wa Universities' Mission to Central Africa waliweka jiwe la msingi la kanisa hili. Aliyeusimamia ujenzi ni Edward Steere, ambaye mwaka uliofuata alifanywa askofu. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, paa likiwa bado. Paa lenyewe lilikuwa wazo la Steere: tao moja refu la matumbawe yaliyopondwa na saruji, bila boriti. Kulikuwa na waliosema litaanguka. Bado liko.

Kwa hiyo Freretown na kanisa la Mkunazini ni watoto wa mkataba mmoja. Hilo sikuwa nimelifikiria hadi niliposimama pale. Mkataba uleule uliofunga soko hili ndio uliosababisha Mombasa itafutwe mahali pa kuwaweka watu waliookolewa. Nilihisi kama nimeshika mwisho wa uzi.

*

Njaa nayo haiheshimu historia. Ilipofika saa saba nilitafuta chakula, na hukohuko Mkunazini, mita chache tu kutoka kanisani, kuna mkahawa ulio karibu na mbuyu mkubwa, wenye foleni ya watu wa kila aina: madereva, watalii, wanafunzi, akina mama na mifuko ya sokoni. Unachagua chakula kikiwa kwenye sufuria. Nilichukua pilau, pweza wa nazi na juisi ya ukwaju. Meza zote zilikuwa zimejaa. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya vito aliniashiria kiti mbele yake.

"Kaa hapo, mwanangu. Meza ya watu wote hii."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetoka Bara?"

"Nimetoka Mombasa."

"Aa! Mvita. Basi si mgeni." Akanisogezea pilipili. Akanitazama kidogo. "Umetoka kanisani. Wamekuteremsha chini?"

"Wameniteremsha."

"Naona na macho yamevimba." Alisema kwa upole, kisha akaendelea na wali wake. Baada ya tonge mbili akasema, kama mtu anayekwambia bei ya samaki imepanda: "Lile jengo walijenga misheni wenyewe. Soko lishafungwa. Ilikuwa hospitali yao. Kule chini wakiweka dawa, pahala pa baridi. Sasa watumwa gani wafungwe chini ya hospitali ya misheni?"

Kijiko kilinikaa mkononi. Baadaye, nyumbani, nilisoma na kukuta kwamba mzee hakuwa peke yake. Wapo wanahistoria waliohoji vile vyumba kwa sababu hiyohiyo, kwamba jengo ni la misheni na ni la baada ya soko kufungwa. Lakini pale mezani nilisikia kitu kimoja tu. Nilisikia mtu ananiambia kwamba nililia bure.

Kusema kweli nilikasirika. Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa sauti ya kusema na mzee, "Kwa hiyo unasema hayakutokea?"

"Astaghfirullah! Nani kasema hivyo?" Aliweka tonge chini. "Soko lilikuwepo. Lilikuwa pale pale, wazi, juani, kila mtu akiliona. Mimi bibi yangu mzaa baba, mama yake alikuwa mtumwa wa shamba. Wa karafuu. Kwetu lilikuwa halisemwi hilo. Mimi nimeambiwa na shangazi siku yuko kitandani anakufa, tena kwa kunong'ona."

Tulinyamaza. Kisha akanyoosha kidole kwenye sahani yangu. Kwenye pilau kulikuwa na karafuu mbili tatu, nimezitenga ukingoni kama tufanyavyo wote.

"Hiyo," akasema. "Hiyo ndiyo ungeonyeshwa. Mgeni akiteremshwa kwenye chumba kimoja, akapanda juu, huona yalikuwa mle ndani tu na yamekwisha. Hajui kama kisiwa chote. Kila shamba, kila nyumba kubwa, kila jikoni."

Sikuwa na la kumjibu, maana ni kweli, na mimi ni mwalimu, nilipaswa kulijua. Karafuu zilienea Unguja na Pemba enzi za Sayyid Said, baba yake Barghash, na hazikujipanda wala kujichuma. Kimbunga cha mwaka 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na toka hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu; mwaka uliofuata Sultani anaambiwa atie sahihi, mashamba yake yamelala chini. Na mkataba wa 1873 ulifunga biashara ya baharini na masoko. Haukumwachilia mtumwa aliyekuwa shambani. Amri ya kuondoa hadhi ya utumwa Zanzibar ilikuja 1897, na hata hapo mtumwa ilibidi aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na aliyelipwa fidia alikuwa bwana. Kwetu pwani ya Kenya ilikuwa 1907. Kanisa lilisimama juu ya soko lililofungwa kwa zaidi ya miaka ishirini, na muda huo wote, maili chache nje ya mji, watu waliendelea kuchuma karafuu wasizolipwa.

"Lakini mzee," nikasema, sasa kwa adabu, "watu wakisikia vile vyumba si vya kweli, wengine watasema na utumwa wenyewe si wa kweli."

"Watasema. Wapo wanaosema." Alifuta mdomo. "Na wapo waliochukua habari za utumwa wakazifanyia fitina hapa, watu wakauana. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka. Kwa hivyo mimi nataka mtu aseme lililokuwa, basi. Si zaidi, si pungufu. Lililokuwa linatosha."

Alilipa chakula chake na changu pia, akakataa kabisa nisilipe. "Mgeni wa Mvita," akasema, kama kwamba hiyo ni sababu.

*

Boti yangu ilikuwa saa kumi. Nilirudi kanisani na kipande cha tiketi mkononi, mlinzi akaniruhusu. Hakukuwa na kundi lolote wakati huo. Nilizunguka nyuma ya madhabahu, mahali ambapo asubuhi tulipita haraka, maana ndipo alipozikwa Edward Steere mwaka 1882.

Mimi nafundisha Kiswahili. Nimekifundisha miaka kumi na moja katika shule za sekondari, na Steere ni jina ninaloliandika ubaoni kila mwaka: sura ya historia ya usanifishaji, mstari mmoja, wanafunzi wanakariri. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja, na mwaka huohuo mkusanyiko wa ngano za Waswahili kama alivyosimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Alianza kutafsiri Biblia. Nzima ya Kiunguja ilichapishwa 1891, yeye ameshafariki. Kisha mwaka 1928, kwenye mkutano uliofanyika Mombasa, kwetu kabisa, ikaamuliwa Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, kile ambacho Krapf alikishughulikia toka 1844, kikawekwa kando.

Matokeo yake nayajua kwa mwili. Nyanya alisema "mato," shuleni nikachapwa mpaka nikasema "macho." Alisema "ndia," ni "njia." Akiniita kutoka uani alisema "Ndoo!", na wenzangu waliokuja kututembelea walimcheka, wakauliza ndoo ya maji iko wapi. Leo mimi ndiye ninayekata hayo maneno kwa kalamu nyekundu.

Lakini kaburini pale nilikumbuka vitabu vingine vya Steere, ambavyo siviandiki ubaoni. Mwaka 1871 alichapisha mkusanyiko wa maneno na sarufi ya Kiyao. Mwaka 1876 akatoa wa Kimakonde. Wayao na Wamakonde kwao ni kusini, ng'ambo ya bahari na mbali ndani ya bara. Kitabu cha Kiyao kilitoka miaka miwili kabla soko halijafungwa. Mwingereza anayeishi mjini Unguja alimpata wapi mtu wa kumfundisha Kiyao?

Jibu linajulikana. Misheni ilipohamia Zanzibar mwaka 1864, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa na kukabidhiwa askofu. Waliofuata walikuja kwa njia hiyohiyo, kutoka makabila mengi. Shule ya Kiungani ilijaa watoto wasioelewana, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, ambacho wengi wao walijifunza wakiwa njiani, wakiwa mali ya mtu. Wavulana wa misheni ndio waliofanya kazi kwenye mtambo wa kupiga chapa, wakipanga herufi moja moja za vitabu vile. Mwaka 1888 Kiungani ikaanza kutoa gazeti la Kiswahili, Msimulizi. Mmoja wa wale watano wa mwanzo, John Swedi, alifanywa shemasi. Mwingine aliyeokolewa utotoni, Myao, Cecil Majaliwa, alipewa upadri mwaka 1890 katika kanisa hilihili.

Kijana wa asubuhi aliniambia majina hayakuandikwa. Kwa wengi mno ni kweli. Lakini haya mawili yapo, na yamebaki ya Kiswahili, Swedi na Majaliwa, hata baada ya kuongezewa John na Cecil. Niliyasema kwa sauti ndogo. Sikusema kwa sababu ni ndugu zangu. Sina njia ya kujua hilo. Nilitaka tu yasikike mle ndani.

Sitaki kumfanya Steere malaika. Aliyaandika maneno ya watu akayatia jina lake kwenye jalada, na kanisa lina kaburi lake, si la waliomfundisha. Wala Kiswahili hakikuanzia kwenye misheni: kilikuwa na mashairi ya hati ya Kiarabu karne nyingi kabla, na hata Tippu Tip, aliyetajirika kwa pembe na watu, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili hichohicho, akiwa mzee hapahapa Unguja. Lugha haikuchagua upande. Ila yule karani aliyeniambia Mswahili si kabila alikuwa sahihi kwa namna ambayo hakuikusudia. Mababu zangu waliingia jahazini wakiwa na makabila. Walishuka wakiwa na lugha, na lugha hiyo wao pia waliifanyia kazi, kwa mikono, mpaka ikawa ile ninayolipwa mshahara kuifundisha.

Kabla ya kuondoka niliomba kushuka tena kwenye vile vyumba. Nilitaka kuviona nikiwa na maneno ya mzee kichwani. Mnyororo ulikuwa palepale, mwanga umehama kidogo. Niliwaza chupa za dawa zimepangwa juu ya mawe. Niliwaza pia kwamba soko lilikuwa juani, kama alivyosema, na hakuna atakayelipa kiingilio kuonyeshwa jua. Kijana wa asubuhi alikuwa akiteremka na kundi jingine. Aliniona akanikonyezea kwa kunitambua, kisha akaanza, "Hapa walifungwa wanawake na watoto..." Sikumkatiza. Nilipanda ngazi polepole nikimsikiliza hadi sauti ikapotea, na hadi leo sijaamua kama kunyamaza kwangu kulikuwa adabu au woga.

Boti iliondoka kwa wakati. Mtandao uliporudi nilimpigia mama simu.

"Umefika?" akauliza. "Uliona?"

"Niliona mahali pa soko. Kuna vyumba pia, lakini vyumba vina maneno. Nitakueleza."

"Na jina? La babu?"

Alikuwa hajawahi kuniuliza hivyo. Maisha yangu yote mama alikuwa mtu wa kuleta chai, kama nyanya. Sikujua kama alikuwa akilingoja lile jina siku nzima, au miaka yote.

"Halikuwepo, mama."

Alinyamaza. Nilisikia redio yake na kuku wa jirani.

"Haya," akasema. "Ndoo nyumbani."